Nyanda za Juu kwa Mwendo wa Mtoto

Barabara itokayo pwani, baada ya kuiacha Mikumi na kupita katika bonde la mibuyu lililo kandoni mwa Mto Ruaha, hufika mahali paitwapo Kitonga, ambapo ardhi huinuka ghafula na gari hulazimika kupanda kona baada ya kona, upande mmoja ukuta wa mwamba na upande wa pili korongo ambalo akina mama ndani ya basi hupenda kulipa kisogo. Na abiria ambaye tangu alfajiri alikuwa akijipepea kwa gazeti huanza, kabla ya kufika Ilula, kuuliza habari za shuka. Hapo ndipo zinapoanza Nyanda za Juu Kusini. Joto hubaki chini pamoja na mibuyu, hewa huja na rihi ya majani mabichi na moshi wa kuni, na kandokando ya njia hutokea wauzaji wa nyanya na vitunguu ambao watoto wao wamevaa sweta mchana kweupe.

Nilikuwa nimeazimia tangu muda mrefu kuwapitisha watu wa nyumbani kwangu katika nchi hii kwa miguu yao wenyewe, wala si kwa dirisha la gari peke yake. Na likizo ya Desemba ilipowadia tulitoka Tanga sote: mke wangu, mama yake mzazi ambaye watoto humwita Bibi na ambaye umri wake umevuka miaka 60, binti yetu wa kidato cha kwanza, ndugu yake wa kiume wa darasa la nne, na kitinda mimba mwenye miaka 6, ambaye ndiye, kama itakavyodhihiri, aliyekuwa amiri wa msafara. Jamaa zetu walipopata habari walistaajabu, na wengine walitusihi tuwaache watoto nyumbani; kwani mintarafu ya milima sisi watu wa pwani tumejiwekea fikra moja tu, nayo ni Kilimanjaro, yaani mita 5,895, mahema, wapagazi, vidole vilivyokufa ganzi kwa theluji na cheti cha kutundika ukutani. Mlima wa namna hiyo upo, na una heshima yake. Lakini upo pia mlima mwingine, ambao mtu huuanza baada ya uji wa asubuhi na kurudi kabla ya alasiri, ambao njia yake imekanyagwa na nyayo za wakulima vizazi na vizazi, na ambao haudai kwa mtoto ila viatu visivyoteleza na mzazi asiye na haraka. Milima ya Iringa na Mbeya, kwa sehemu yake kubwa, ni ya jinsi hiyo, na kwangu mimi ni hasara isiyo na udhuru kwamba wageni huvuka bahari na watoto wao migongoni ili kuitembea, hali watoto wetu huijua kwa majina tu katika daftari la jiografia.

Tulianza Iringa kwa makusudi. Mji ule uko juu kidogo ya mita 1,500, na Mbeya iko kwenye mita 1,700 hivi. Kutoka huko ndipo mtu hupanda kwenye nyanda zinazozidi mita 2,500, ambako baadhi ya watu huanza kuona uzito wa kichwa na ufupi wa pumzi, na mtoto mdogo aghalabu hajui kueleza kinachomsumbua, bali hununa na kukataa chakula. Kwa hiyo kulala Iringa, kisha Mbeya, ndipo kupanda zaidi, ni hadhari isiyogharimu kitu. Watoto walipata huko pia salamu yao ya kwanza ya nchi ya ugenini, "Kamwene," ambayo hujibiwa kwa neno lilo hilo, wakaitumia kwa kila mzee waliyekutana naye njiani mpaka wenyeji wakawa wanatabasamu kabla hawajasalimiwa.

Juu ya mji kuna jiwe kubwa la Gangilonga, ambalo mtaa wa chini yake umechukua jina lake, na kulipanda ni kazi ambayo hata Bibi aliimaliza huku akizungumza. Wahehe husimulia kwamba Mtwa Mkwawa, mtawala wao, alikuwa akija hapa kupata faragha na mashauri, na aketiye juu yake hutambua mara moja hikma ya jambo hilo, kwa maana bonde zima la mji liko chini ya miguu na hakuna ajaye asionekane. Niliwahadithia watoto hapohapo, juu ya mwamba uliopata joto la jua, habari za Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, ambapo majeshi ya Wahehe yaliuangamiza msafara wa Kijerumani wa Emil von Zelewski. Na habari za ngome ya Kalenga iliyobomolewa kwa mizinga mwaka 1894. Na habari za miaka ya kuvizia maporini hata 1898, Mkwawa alipojitoa uhai asikamatwe. Mwanangu wa kiume aliuliza kwa nini Wajerumani walikichukua kichwa cha Mkwawa baada ya kufa kwake. Nilimjibu kuwa washindi wengine hawatosheki na ushindi, na kuwa watu wa Uhehe hawakunyamaza, hata jambo la fuvu lile likaandikwa katika mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 pamoja na mambo ya madola makubwa, na hatimaye Gavana Twining wa Tanganyika akalirejesha mwaka 1954. Siku ya pili yake tulilitazama fuvu lenyewe Kalenga, nao walisimama mbele yake kwa taadhima ambayo hakuna aliyewaamuru. Naamini kuwa tarehe zile hazitawatoka, kwa sababu walizipokea wakiwa wameikanyaga nchi iliyopiganiwa.

Isimila, kusini magharibi ya mji, tulikaa muda mfupi, ingawa ni matembezi mepesi kuliko yote. Mtu hushuka katika korongo la mchanga ambamo mmomonyoko umeziacha nguzo za udongo zimesimama zenyewe, ndefu kupita nyumba, na chini, penye kibanda, yamelala mashoka ya mawe ambayo watu wa kale waliyachonga zaidi ya laki mbili za miaka iliyopita. Aliyeanza kuyaona na kuyatambua, mwaka 1951, alikuwa mwanafunzi. Jambo hilo lilitosha kuwafanya wanangu watembee mwendo uliobaki wameinamisha vichwa.

Kutoka Iringa hadi Mbeya njia hupita Mafinga na misitu yake ya misonobari, kisha Makambako, ambako reli ya TAZARA huja kuungana na barabara, kisha huteremka ukingoni mwa uwanda wa Usangu, ukuta wa milima ukiwa mkono wa kushoto muda wote. Mbeya yenyewe imeketi chini ya Mlima Loleza, wenye mita 2,656 na minara ya mawasiliano kichwani, na nyuma yake kuna Kilele cha Mbeya kinachozidi mita 2,800. Hatukukusudia kilele. Tuliwapeleka watoto mabegani mwa mlima tu, katika njia za mikaratusi ambazo wanawake wa Kisafwa hushuka nazo asubuhi wakiwa na mizigo ya kuni na mboga, ili viatu vizoee miguu na mimi nijifunze mwendo.

Mwendo ndio elimu yote ya jambo hili. Mtu mzima huupanda mlima kwa hatua zilizo sawa, akitazama mbele, na kila akisimama huhesabu kuwa amechelewa; mtoto huenda mbio hatua 20, husimama kwa ajili ya mdudu, hurudi nyuma kuokota kijiti, kisha hukaa chini na kutangaza kuwa amechoka, na baada ya kipande cha muwa huruka tena. Akiwekwa nyuma hulia, kwa sababu siku nzima hutazama migongo ya watu wanaomwacha. Akiwekwa mbele hutembea masafa ambayo wazazi wake wasingethubutu kumtajia. Fauka ya hayo, aliye mbele ndiye anayeona kila kitu wa kwanza, na hakuna ujira utakaomvuta mtoto mlimani kuliko huo. Mengine ni ya kawaida: maji ya kutosha na chakula kidogo mara nyingi, fulana ya pili kavu kwa kila mtoto, koti la mvua hata kama mbingu ni safi, kwani milima hii ya Desemba hutoa jua asubuhi na radi mchana, na saa ya kugeuka nyuma iliyopangwa kabla ya kuondoka, ambayo haibadilishwi kwa kuwa kilele kimeonekana karibu.

Kutoka Mbeya tulikwenda Ngozi, mlima wenye ziwa ndani yake. Uko katika safu ya Poroto, upande wa kulia wa njia iendayo Tukuyu, na hufikiwa kwa kuiacha lami penye kijiji cha Isongole na kufuata barabara ya udongo baina ya mashamba ya viazi mpaka ukingoni mwa msitu. Kijana aliyetupokea ili atuongoze alimpa Bibi shikamoo, akanipa mimi, kisha akatazama miguu yetu mmoja baada ya mwingine bila ya kusema neno. Alipofika kwa kitinda mimba alichuchumaa, akamfungua kamba za viatu na kuzifunga upya, mara mbili, kwa fundo la pembeni lisiloweza kukanyagwa.

"Mzee," aliniambia, "huyu atatangulia pamoja nami. Akichoka yeye, sisi sote tumechoka."

Bibi aliutazama ule mteremko, akasema kuwa Mungu amemjalia akili ya kujua mahali pa kukaa, akabaki kijijini.

Msitu wa Ngozi una sitara ambayo mtu wa pwani hajawahi kuiona. Miti imevikwa kuvu na kuvumwani hata gome halionekani, matone ya unyevu hutiririka toka matawini bila ya mvua kunyesha, migomba mwitu isiyozaa tunda la kuliwa imesimama bondeni, na juu kabisa mbega weusi wenye mabega meupe hupita kwa kishindo, wakiliacha tawi likitikisika. Njia ni nzuri mwanzoni, pana na laini kwa majani yaliyooza. Tulikuwa tumekwenda kitambo amiri wetu aliposimama ghafula na kunyoosha mkono mbele, bila ya sauti. Kwenye kijiti kilichokuwa sawasawa na kimo cha macho yake, wala si cha macho yetu, alikuwapo kinyonga.

Hakuwa kinyonga wa makonde ya Tanga. Alikuwa na pembe 3, mbili juu ya macho na moja juu ya pua, zimeelekea mbele, na mwili wake wa kijani ulikuwa na madoa ya rangi ya ukoga wa miti, hata mkia wake uliojikunja haukujulikana mwisho wake ni wapi na kijiti kinaanzia wapi. Jicho moja lilimtazama mtoto. La pili liligeuka taratibu, peke yake, likanitazama mimi. Aliinua mguu, vidole vyake vimegawanyika mafungu mawili mithili ya koleo la muhunzi, akausukuma mbele, akaurudisha, akausukuma tena, kisha akashika. Binti yetu alirudi nyuma, kwani huko kwetu, na katika sehemu nyingi za bara pia, kinyonga huhesabiwa kuwa nuksi. Kijana hakumcheka. Alimweleza kwa upole kuwa mnyama huyu hana sumu wala hila, kuwa dume hupigana kwa pembe zake kwa ajili ya jike, na kuwa haonekani nje ya milima hii ya kwao, jambo ambalo wataalamu nao wamelithibitisha. Katika vitabu amepewa jina la Fülleborn, tabibu wa Kijerumani aliyekusanya viumbe vya nchi hii karibu na mwisho wa karne ya 19. Tulikaa pale muda mrefu. Kwa mwendo wangu mwenyewe ningempita nisimwone, na labda mikono yangu ingekuwa imeshika kijiti kilekile.

Sehemu ya mwisho ya njia husimama wima. Mizizi ndiyo ngazi, udongo ni mweusi na wa kuteleza, na pana mahali ambapo mtoto hana budi kutambaa. Mke wangu alikuwa amechukua mbeleko ya khanga akitaraji kumbeba mdogo, naye mdogo akakataa kwa ghadhabu, akapanda kwa mikono na magoti, na matope yakamfika masikioni. Tulipofika ukingoni palikuwa na wingu tupu. Mbele yetu ardhi ilikatika, na badala ya ziwa palikuwa na weupe ambao haukuwa na juu wala chini.

Kijana alisema tule. Tukatoa viazi vya kuchemsha, mayai na chai ya tangawizi iliyokuwa bado moto katika chupa, na kabla hatujamaliza upepo ulitoka upande wa Mlima Rungwe, wingu likapasuka katikati, na chini sana tukaona maji ya kijani, yametulia, yamezungukwa na ukuta wa msitu pande zote. Ngozi ni volkano iliyojitumbukia yenyewe. Shimo lililobaki ndilo lililoshika maji, ziwa la kilomita 2.5 kwa urefu na 1.6 kwa upana, lenye kina kinachofika mita 74, ambalo hakuna mto utokao humo ukaonekana. Wako wanaoteremka hadi majini. Kwa mtu mwenye watoto wadogo sioni ruhusa ya kufanya hivyo: ukuta ni mkali mno, na kupanda kwake tena humla mtu nguvu alizoziweka kwa ajili ya kurudi. Kutazama kulitutosha, na wanangu walitazama mpaka wingu likafunga.

Tulimkuta Bibi ameketi na wanawake wa kijijini, anapukuchua maharage ya watu asiowajua, na amekwisha kuelezwa bei ya gunia la viazi, magonjwa ya pareto, na jinsi akina mama wa huko huamka usiku kuvuka mlima na watoto mgongoni ili wafike sokoni kumekucha.

"Mwanangu," aliniambia, "hawa hawapandi mlima. Wanakwenda sokoni."

Sijapata kusikia neno lililoieleza nchi ile kwa usahihi zaidi ya hilo.

Tukuyu tulipita kwa sababu ya mvua, nayo mvua ya Tukuyu haitaki kupuuzwa. Mteremko wa kusini wa Rungwe hunyweshwa kupita karibu kila mahali pa Tanzania, ndiyo maana chai na migomba vimejaa hata ukingoni mwa lami. Tulilitazama Daraja la Mungu, ambalo lava iliyopoa ililiacha likiwa tao juu ya Mto Kiwira, na pale nikawaeleza watoto kuwa moto wa chini ya nchi hii haujazimika kabisa, kwani hapa mikono ya Bonde la Ufa hukutana. Kuwa Mlima Kyejo, ulio karibu, ulitapika lava yapata mwaka 1800, si zamani kwa hesabu ya milima. Na kuwa hewa ya ukaa inayotoka ardhini huko huvunwa na kutiwa katika soda. Habari hii ya mwisho ilipokewa kwa furaha kuliko zote, na chupa zilizofuata zilinywewa kwa uangalifu mkubwa.

Uwanda wa Kitulo tuliuweka mwisho, miili ikiwa imezoea. Njia yetu ilipanda kutoka Isyonje, ikapita mashamba ya viazi yaliyolimwa mpaka penye ukungu, na baada ya hapo miti ikakoma, na kukawa na nyasi tu, vilima kwa vilima, mbingu imekaribia. Uwanda huu uko kwenye mita 2,600 hivi. Mwingereza James Elton aliupita mwaka 1877, mwaka huohuo aliofariki, na kwa miaka mingi ramani ziliuita kwa jina lake. Baadaye serikali ilifuga huko kondoo, kisha ng'ombe wa maziwa, na mwaka 2005 sehemu ya kilomita za mraba zipatazo 413 ikatangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa, ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuwekwa hasa kwa ajili ya maua. Wenyeji walikuwa wamekwisha kuiita Bustani ya Mungu. Raia hulipa langoni ada ya shilingi iliyo ndogo sana kuliko ya mgeni, na kwa familia yenye watoto hifadhi hii ina fadhila nyingine: hapana tembo wala simba wa kuwalazimisha watu kukaa garini, na ardhi, mahali pengi, ni tambarare. Hapa Bibi alitembea.

Aina za mimea zinazojulikana hapa zafika 350, na ndani yake okidi za ardhini ni aina 45. Idadi hiyo haimwandai mtu kwa yale atakayoyaona. Maua hayakukaa katika vitalu, wala hayakungoja nafasi. Yalikuwa ndani ya nyasi, mengine marefu kiunoni, yenye kichwa cha moto mwekundu kinachogeuka manjano kuelekea chini, na mengine madogo hata yalitaka mtu apige magoti. Binti yetu alipiga magoti. Alikuwa amebeba daftari na penseli za rangi, akachagua okidi moja ya rangi ya waridi, akaanza kuichora. Ua lile, likitazamwa kwa mbali, ni shuke moja; kwa karibu ni maua mengi madogo yaliyopangika kuuzunguka mche, na kila moja lina kofia, na nyuma ya kofia hutoka vijipembe viwili vyembamba vilivyoning'inia, ambamo mna utomvu mtamu kwa ajili ya mdudu mwenye ulimi mrefu wa kutosha. Ndugu yake alihesabu maua ya shuke moja akapoteza hesabu. Bibi, ambaye ametunga asumini na kusokota vikuba tangu usichana wake, alinusa ua moja baada ya jingine kwa utaratibu wa mtu aliye kazini, akatoa hukumu kwamba uzuri ni mwingi lakini harufu ni haba, isipokuwa moja jeupe ambalo alilirudia.

Askari wa hifadhi aliyefuatana nasi alitufunulia jambo jingine. Okidi hizi chini ya udongo zina viazi viwili: kimoja kilichonyauka, ambacho ndicho kilicholilisha ua la mwaka huu, na kimoja kipya, kilichojaa, ambacho ni akiba ya ua la mwaka ujao. Anayeing'oa huondoka na vyote viwili. Na wang'oaji walikuwa wengi, kwani viazi hivyo, vikisagwa na kupikwa pamoja na karanga, ndicho chikanda, chakula kinachopendwa mno Zambia, na biashara yake ilivuka mpaka kwa magunia na kuziacha nyanda nyingine za jirani tupu. Simlaumu mkulima aliyeuza akapata ada ya shule. Lakini baada ya kumwona mtoto amepiga magoti mbele ya ua lile, akibadilisha penseli mara tatu ili apate rangi yake, siwezi kulihesabu jambo hili kuwa la wataalamu peke yao. Na ningependa kila familia iwezayo kulipa nauli ije hapa, kwa sababu hifadhi isiyotembelewa na wananchi wake hukosa watetezi siku inapohitaji utetezi.

Tulikwenda mpaka tukaliona bonde la Numbe, mtoto akiwa mbele, na njiani tandawala mkubwa aliinuka nyasini kwa mabawa mazito, na mbayuwayu wa samawati, ambao huja huku kutaga na kulea kisha huhamia kaskazini, pande za Ziwa Viktoria, walipita karibu na magoti yetu. Saa sita kasoro mawingu yalianza kujipanga upande wa magharibi. Saa yetu ya kugeuka ilikuwa imefika, na katika uwanda usio na mti hata mmoja mwanadamu ndiye kitu kirefu kuliko vyote, jambo ambalo si salama radi ikiwapo. Tukarudi garini, na tone la kwanza likaanguka tukiwa tumefunga milango.

Tuliteremka kwa njia ya Matamba na Chimala, ambayo wenyeji huiita Hamsini na Saba kwa idadi ya kona zake, na watoto walizihesabu zote kwa sauti. Chini kabisa, katika joto la Usangu, tukiwa mezani tunangoja wali, binti yetu alifungua daftari lake na kuulizia mlima ambao kila siku ulikuwa umejificha nyuma ya wingu. Ni Rungwe, wenye mita 2,960. Kijana wa Isongole alikuwa ametusimulia habari zake: kuwa kuupanda na kushuka huchukua siku nzima, kuwa juu ya msitu kuna mianzi na juu ya mianzi kuna vichaka vifupi, na kuwa humo ndimo alimopatikana kipunji, nyani mwenye manyoya ya kahawia na shungi la kichwani, ambaye wawindaji wa Kinyakyusa walimjua kwa jina lake tangu zamani na watafiti wakamjua mwaka 2003 kwa kuwasikiliza hao. Kwa mtoto wa miaka 6 ni mbali. Mke wangu alipendekeza tungoje mpaka awe darasa la nne, na hapana aliyepinga. Tutakwenda katika likizo fupi ya Septemba, njia ikiwa kavu, tutatoka Isongole kabla ya jua kuchomoza, na saa sita ikitukuta mianzini tutakula chakula chetu hapohapo na kurudi.